Viraka, mafurushi na mtu anayekaa mlangoni

Najua niliahidi kwamba safari hii tutazungumza juu ya hifadhidata. Itakuja, subirini kidogo. Leo nina kisa kilichonitia aibu, na kisa hicho kimenifanya nisome historia moja kwa siku tatu nikikatiza usingizi, hadi nikaona ni uchoyo kubaki nayo peke yangu.

Wengi wenu mnajua nina kijiprogramu huria nilichokianza nikiwa chuo kikuu. Kazi yake ni moja tu: unakipa tarakimu, kinakurudishia maneno ya Kiswahili. Andika 1,250 nacho kitakujibu "elfu moja mia mbili na hamsini". Watu wanakitumia kwenye risiti na hundi, basi. Si kitu kikubwa, lakini kina watumiaji, na watu watano hivi wamewahi kunitumia marekebisho. Mmoja alitaka niongeze "laki", mwingine akasema laki haitambuliwi kila mahali, na mjadala wao ulikuwa mrefu kuliko programu yenyewe.

Sasa usiku mmoja nikaamua kutoa toleo jipya, la 0.4. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka. Nikaingia kwenye folda ninayofanyia kazi, nikaandika amri ya tar, nikafunga kila kilichokuwamo kuwa furushi moja, nikalipandisha kwenye tovuti, nikalala. Asubuhi nikakuta barua pepe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Aliandika kwa adabu kabisa kwamba ndani ya furushi kuna faili ambalo halionekani kwenye ghala la msimbo, akauliza kama nililiweka makusudi. Sikuliweka makusudi. Lilikuwa faili lenye nywila ya hifadhidata yangu ya majaribio. Nilibadilisha nywila hata kabla sijapiga mswaki.

Lakini lililonikaa moyoni si nywila. Ni hili: yule bwana alijuaje? Alijua kwa sababu alilinganisha furushi na ghala. Wewe umewahi kufanya hivyo? Mimi sijawahi hata siku moja. Tunaosema programu huria ni salama kwa sababu kila mtu anaweza kuusoma msimbo, msimbo tunausoma kwenye ghala. Anayeisakinisha mara nyingi anasakinisha kilichotoka kwenye furushi. Na kati ya ghala na furushi palikuwa na mtu mmoja tu, mimi, saa sita usiku.

Nikajiuliza wakubwa wanafanyaje. Wale wanaotunza programu ambazo dunia nzima inazitegemea, wanapokea marekebisho ya maelfu ya watu wasiowajua, wanayaunganisha, kisha wanatoa toleo. Jibu lake ni historia ya amri chache za kwenye ile skrini nyeusi. Tuanze na neno lenyewe.

Rekebisho dogo unalomtumia mwenzako Waingereza huliita kwa jina lilelile la kiraka cha suruali. Si utani. Zamani programu zilipokuwa zikitobolewa kwenye kanda za karatasi, tundu lililokosewa lilizibwa kwa kubandika kipande cha karatasi juu yake. Kiraka halisi, na gundi yake.

Mwaka 1974 toleo la tano la Unix lilitoka Bell Labs likiwa na programu iitwayo diff, iliyoandikwa na Douglas McIlroy. Hesabu zake alizifanya pamoja na James Hunt. Unaipa mafaili mawili, inatafuta mistari mingi kadiri iwezekanavyo ambayo haikubadilika na iko kwa mpangilio uleule, kisha inakutajia iliyobaki: huu umeondolewa, huu umeongezwa. Ilikuwa nzuri kwa macho. Lakini mtu akikutumia orodha hiyo bado ulikuwa na kazi ya kurudia mabadiliko hayo kwenye faili lako. Diff iliweza pia kutoa maagizo ya kumpa mhariri wa maandishi ed ayatekeleze, ila maagizo hayo yalihesabu mistari kwa namba. Ukiwa umeongeza mstari mmoja tu juu ya faili, kila kitu kinaangukia pasipo pake.

Mei 1985 Larry Wall, ambaye miaka 2 baadaye angetupa lugha ya Perl, alitoa programu aliyoiita patch. Hii ilifanya kinyume cha diff: inachukua orodha ya tofauti na kuitia kwenye faili. Werevu wake ni kwamba haikuamini namba za mistari. Ilitazama mistari iliyozunguka badiliko, na kama haikuikuta mahali iliposemwa, ikaitafuta juu kidogo, kisha chini kidogo. Ikikosa kabisa, ilipuuza mstari mmoja au miwili ya pembeni na kujaribu tena. Ikishindwa, haikuharibu kitu. Iliweka kipande kilichokataa kwenye faili la pembeni ukitatue mwenyewe. Kwa hiyo faili lako halikulazimika kuwa sawasawa na la aliyekutumia. Nyinyi wawili mngeweza kuwa mmetofautiana kwa wiki kadhaa, na kiraka bado kingekaa.

Watu husifu patch kwa kuokoa gharama za simu enzi za modemu, maana unatuma mistari 20 badala ya faili zima. Ni kweli. Mimi naona kubwa zaidi ni kwamba kile kinachomfikia mtunzaji kilikuwa kidogo kiasi cha kuweza kusomwa. Mtu hakutumii programu yote na kukuambia niamini. Anakutumia kile alichogusa tu. Mwaka 1990 Wayne Davison akaleta mtindo wa kuandika tofauti tunaoutumia hadi leo, wenye alama ya kutoa na ya kujumlisha mwanzoni mwa mistari, na kusoma kukawa rahisi zaidi.

Sasa twende Finland. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza mfumo wake mdogo. Machi 1994 Linux 1.0 ilipotoka, kiini chake kilikuwa na mistari 176,250. Na hapa kuna jambo ambalo wadogo zangu wa chuo hawaliamini nikiwaambia: kuanzia 1991 hadi mwanzoni mwa 2002 Linus hakutumia mfumo wowote wa kutunza matoleo. Watu walimtumia viraka kwa barua pepe, naye akavitia kwa patch kwenye nakala yake, kisha akatoa furushi. Miaka 10 na zaidi!

Si kwamba mifumo haikuwapo. CVS ilikuwapo tangu miaka ya 1980 na karibu kila mradi huria uliitumia. Ila CVS ina ghala moja katikati, na wenye funguo ndio wanaoandika humo. Kuanzisha tawi ni rahisi. Kurudisha tawi nyumbani ni machozi. Linus alikataa kugawa funguo, na aliichukia CVS waziwazi. Alitaka kila kitu kipite mbele ya macho yake.

Gharama yake mnaweza kuikisia. Viraka vilipotea. Havikukataliwa, vilipotea tu, kama ombi lililowekwa chini ya rundo la mafaili ofisini, nawe unarudi kila wiki kuuliza. Watu walijifunza kutuma kiraka kilekile tena na tena mpaka kiingie. Septemba 1998 hasira zikalipuka. Waliokuwa wamechoka kupuuzwa walisema waziwazi, Linus naye akakasirika na kujitenga kwa muda kupumzika. Mtu mmoja aliyetazama yote hayo, Larry McVoy, alisema tatizo si tabia ya mtu. Linus ni mmoja, na Linux inakua; Linus hawezi kukua nayo. McVoy akaanza kujenga zana ya kutatua hilo.

Tatizo lilirudi Januari 2002, pale Rob Landley alipopendekeza wazi ateuliwe mtu ambaye kazi yake ni kukusanya viraka vilivyosahaulika tu. Linus hakupenda wazo hilo. Alisema kwa kawaida anafanya kazi na watu wachache anaowaamini, nao wana wa kwao wanaowaamini. Ukitaka kiraka chako kifike, mpe mtu wa sehemu hiyo. Ni kama kijijini: huendi kwa chifu moja kwa moja, unaanzia kwa mzee wa mtaa.

Wazee hao walikuwa na zana zao. Andrew Morton alijiandikia skripti za kushughulikia mamia ya viraka kama rundo la sahani: unapandisha kimoja juu ya kingine, unashusha, unarekebisha cha katikati, unapandisha tena. Andreas Gruenbacher alizichukua akazijenga upya zikawa quilt, jina la lile shuka linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa. Quilt ingali hai hadi leo, hasa kwa watengenezaji wa Debian. Wengi wetu hatujawahi kuigusa, lakini nakushauri uijaribu siku moja, hata kama ni kwa kujua tu jinsi watu walivyoishi.

Februari 2002 Linus alikubali zana ya McVoy, BitKeeper. Kila mtu alikuwa na ghala lake kamili, na wazee walimwambia Linus avute kutoka kwao badala ya kumrushia viraka kimoja kimoja. Kazi ikaenda kasi kweli. Tatizo ni kwamba BitKeeper haikuwa huria. Kampuni iliwapa watengenezaji wa Linux bure, kwa sharti kwamba anayeitumia asishiriki kutengeneza zana ya kushindana nayo. Wengi walinung'unika. Linus alisema anachagua zana inayofanya kazi.

Kwa ajili ya waliokataa BitKeeper, kampuni iliweka nakala ya ghala katika CVS. Mwezi wa Novemba 2003 ukaguzi wa kawaida ulionyesha kwamba nakala ile ina badiliko ambalo kwenye BitKeeper halipo. Ilikuwa mistari 2 ya msimbo ndani ya kazi iitwayo wait4. Ukiitazama haraka inaonekana inauliza kama mtumiaji ni namba 0, yaani mkuu wa mfumo. Lakini paliandikwa alama moja ya usawa badala ya mbili. Wanaojua lugha ya C wameshashtuka: mbili zinauliza, moja inaamuru. Kwa hiyo yeyote ambaye angeiita kazi ile kwa namna fulani angefanywa mkuu wa mfumo papo hapo. Mtu alikuwa amepenya na kuandika kwenye nakala. Hakugundulika kwa sababu kuna aliyeusoma msimbo akaiona alama moja. Aligundulika kwa sababu vitu viwili vilivyopaswa kufanana havikufanana. Mnakumbuka barua pepe yangu ya asubuhi?

Mwaka uliofuata likaja jambo jingine lisilo la kiufundi. Kampuni ya SCO ilikuwa imeishtaki IBM Machi 2003, ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux. Swali la mahakamani lilikuwa: mstari huu umetoka wapi, na nani aliuleta? Barua pepe za miaka 10 hazijibu swali hilo kirahisi. Mwaka 2004 wakaanza utaratibu wa kuweka mwishoni mwa kila kiraka mstari wa Signed-off-by, wenye jina na anwani. Hausemi kwamba kiraka ni kizuri. Unasema nina haki ya kukitoa, au nimekipokea kutoka kwa aliyesema hivyo. Kila mzee anayekipitisha anaongeza mstari wake chini, kwa hiyo leo ukisoma badiliko la Linux unaona njia lililopita kama kiraka, kuanzia kwa mwandishi hadi kwa mzee aliyeliingiza kwenye ghala lake.

Aprili 2005 ndoa na BitKeeper ikavunjika. Andrew Tridgell, muasisi wa Samba, alikuwa amejaribu kuelewa jinsi BitKeeper inavyoongea na seva yake. Wenye kampuni waliona hilo ni kuvunja masharti, ingawa yeye mwenyewe hakuwa akiitumia zana yao, wakaondoa leseni ya bure. Baadaye mwezi huo, kwenye mkutano huko Canberra, Tridgell aliwaonyesha watu alichofanya: alijiunga na seva kwa telnet, akaandika "help". Seva ikamtolea orodha ya amri zake. Waliohudhuria walikuwa wakimpigia kelele kumwambia aandike nini baadaye. Nacheka kila nikilisoma.

Linus akabaki hana zana. Aliangalia zilizokuwapo, akafanya hesabu ambayo naipenda sana. Mfumo mmoja ulichukua kama sekunde 30 kutia kiraka kimoja na kurekodi habari zake. Kuna siku analeta vitu 250 kwa mpigo kutoka kwa wazee wake. Zidisha: sekunde 7,500, yaani zaidi ya saa 2 za kutazama skrini. Akajiwekea lengo kwamba kiraka kisizidi sekunde 3. Aprili 3 akaanza kuandika git, Aprili 7 git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Aprili 29 ilipimwa, ikatia viraka 6.7 kwa sekunde. Vile 250 sasa vinakwisha chini ya dakika moja. Juni 16, 2005 kiini 2.6.12 kilitoka kikiwa kimetunzwa na git, na mwishoni mwa Julai Linus akamkabidhi Junio Hamano usukani. Hamano ndiye anayeitunza hadi leo, na mimi naamini yeye ndiye anayestahili sifa nyingi ambazo watu humpa Linus.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi tumejifunza git kwa kubofya vitufe vya tovuti, na hatuoni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa mlangoni na sanduku la barua pepe. Tazama amri zake:

git am inachukua sanduku zima la barua na kuvitia viraka vyote kwa mpangilio, ikimwandika mwandishi wa kila kimoja kwa jina lake, si jina lako wewe uliyekipokea. Ikikwama, unatatua, unaiambia iendelee. Ukiongeza -3, nayo ikikuta kiraka hakikai, inatafuta kwenye ghala faili lilivyokuwa wakati mwandishi alipoanza, kisha inaunganisha kutoka hapo. Ni patch ya Larry Wall iliyopewa kumbukumbu.

git rerere jina lake halifai kabisa, lakini mtunzaji yeyote ataisifu. Ukishatatua mgongano wa matawi mawili mara moja, inakumbuka ulivyoutatua. Mgongano uleule ukirudi wiki ijayo, inaurudia utatuzi wako yenyewe.

git bisect ni ya siku mbaya. Toleo la mwezi uliopita lilikuwa zima, la leo limeharibika, katikati kuna mabadiliko 1,000. Unaiambia hapa pazuri, hapa pabaya. Inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu. Baada ya majaribio 10 hivi imekuonyesha kiraka chenye kosa. Ila inafaa tu kama viraka vilibaki vidogo. Yule anayekutumia kiraka kimoja cha mistari 4,000 amekunyima bisect, nawe una haki ya kumrudishia.

Na siku ya kutoa toleo kuna git shortlog, inayopanga kazi yote chini ya jina la kila mchangiaji, na git tag -s, inayoweka saini yako ya siri juu ya toleo. Saini hiyo ina nguvu kwa sababu ya jinsi git ilivyojengwa: kila badiliko lina alama ya kidole iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya badiliko lililolitangulia. Gusa herufi moja ya mwaka 2005, na alama zote zilizofuata zinabadilika. Ukisaini ya mwisho umesaini ukoo wote.

Jambo hili lilijaribiwa kweli Agosti 2011, wavamizi walipogunduliwa ndani ya seva za kernel.org, nyumbani kwa Linux. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa. Ghala halikuwa na hofu kubwa. Maelfu ya watu walikuwa na nakala, na alama zisingekubali kudanganywa kimyakimya. Kilichobadilika baadaye ni mlango. Watengenezaji walitengeneza funguo mpya na kuthibitishana uso kwa uso, na kuanzia git 1.7.9 ya Januari 2012 Linus angeweza kuvuta kutoka kwa mzee wake huku git ikihakiki saini na kuihifadhi ndani ya muunganisho wenyewe.

Mafurushi nayo yakapewa zana yake, kup, ambayo ndiyo iliyonifungua macho kuliko zote. Mtoa toleo analitengeneza furushi kwenye mashine yake moja kwa moja kutoka kwenye ghala, anatia saini, kisha anatuma saini peke yake. Furushi hatumi. Seva inalijenga furushi upya kutoka kwenye ghala, na kama saini haikubali, hakuna toleo. Yaani walikaa wakafikiri: mtu akichoka saa sita usiku, tufanyeje ili folda yake isiingie? Na saini wanaiweka juu ya furushi kabla halijabanwa. Nilidhani huo ni utaratibu wa ziada usio na maana, mpaka nikakumbuka Januari 2023, GitHub ilipobadilisha namna ya kuyabana mafurushi. Yaliyomo yalikuwa yaleyale, lakini alama zilizokokotolewa juu ya mafurushi yaliyobanwa zikabadilika, na mifumo ya watu ikavunjika kila mahali. GitHub ilirudisha ya zamani haraka.

Lakini Linux ni tajiri wa watu. Tatizo ni programu ndogo zilizo chini yake, zinazotunzwa na mtu mmoja kwa wakati wake wa ziada.

xz ni programu ya kubana mafaili, na imo karibu kila mahali palipo na Linux. Kwa zaidi ya miaka 10 ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma viraka vizuri. Mwaka 2022 watu wengine, ambao kabla ya hapo hawakujulikana, wakaanza kumsukuma Collin: mbona viraka vinachelewa, mbona humwachii mwingine? Collin alijibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya kwa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya hiari isiyo na malipo. Nani asingefurahi kupata msaidizi? Polepole Jia Tan akapewa funguo za ghala, kisha akawa ndiye anayetoa matoleo.

Februari 2024 akatoa 5.6.0, na Machi 5.6.1. Ndani ya ghala palikuwa na mafaili mawili ya majaribio yaliyoonekana kama takataka, jambo la kawaida kwa programu ya kubana, maana lazima uijaribu kwa mafaili mabovu. Takataka ile ilikuwa msimbo uliofichwa. Lakini haikuwa na wa kuiamsha. Kiamshi, mistari michache ndani ya faili liitwalo build-to-host.m4, hakikuwa kwenye ghala. Kilikuwa kwenye furushi tu. Aliyesoma ghala asingekiona. Aliyejenga kutoka kwenye furushi katika baadhi ya mifumo alifungua mlango wa nyuma kwenye SSH, ile huduma tunayoingilia seva zetu zote.

Na saini? Saini ilikuwa halali kabisa. Furushi lilisainiwa na Jia Tan, mtoa toleo anayetambulika. Saini hukuambia nani amelifunga furushi; haikuambii amefunga nini.

Aliyegundua ni Andres Freund, mtengenezaji wa PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa nusu sekunde hivi na kunakula nguvu ya kichakataji bila sababu. Angeweza kupuuza. Mimi ningepuuza, nasema ukweli. Hapa kwetu nusu sekunde tungeilaumu mitandao. Yeye akachimba, na Machi 29, 2024 akatangaza. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, na kwenye toleo la openSUSE linalosasishwa kila mara, lakini hayakuwa yamefika kwenye matoleo ya kudumu ya Debian wala ya Red Hat.

Kuna kitu cha kusikitisha hapa. Tofauti ya lazima kati ya furushi na ghala ilikuwa desturi halali. Programu nyingi za lugha ya C huongeza kwenye furushi mafaili yanayozalishwa na zana za ujenzi, ili anayesakinisha asihitaji zana hizo. Kwa miaka mingi kila aliyelinganisha alikuta mafaili ya ziada, marefu, yanayochosha kusoma, akasema ni kawaida. Jia Tan alijificha ndani ya kawaida.

Basi nikarudi kwenye kijiprogramu changu nikiwa na adabu. Sasa situmii tena tar kwenye folda. Nasaini toleo kwa git tag -s, furushi linatoka kwa git archive, ambayo inafunga kilichomo kwenye ghala tu, hata kama folda yangu imejaa uchafu. Kisha nafungua furushi mahali pengine na kulinganisha. Inachukua dakika 2.

Yule bwana wa barua pepe nilimshukuru, nikamweleza yaliyotokea. Jioni akanitumia kiraka: mistari 6 kwenye skripti yangu ya kutoa matoleo, inayolinganisha orodha ya mafaili ya furushi na ile ya git ls-tree, na kugoma zikitofautiana. Chini kabisa kulikuwa na Signed-off-by yake. Nilikitia kwa git am kikakataa, kwa sababu mchana nilikuwa nimeshaichokoachokoa skripti ile mwenyewe. Nikajaribu tena kwa -3, kikakaa. Toleo 0.4.1 nililitoa kesho yake saa nne asubuhi, baada ya chai.